Italala au Itaendelea?

Dadu ilianguka kwenye 4. Kete ya binti yangu ilikuwa imesimama kwenye 7. Akaigusa hiyo hiyo 7 kwa kidole, akasema "moja", akaenda 8, "mbili", 9, "tatu", akaishia 10, "nne". Akaketi vizuri, ameridhika na hesabu yake.

"Umejipunja," kaka yake akamwambia. "Ulitakiwa ufike 11."

"Nimehesabu nne!"

Na kweli alihesabu nne. Zamu yake iliporudi, mambo yakazidi. Wanaoujua ubao wa nyoka na ngazi wanakumbuka kwamba ukifika 10 unapanda mstari wa juu, halafu safari inageuka: 11 iko juu ya 10, na kutoka hapo unarudi kuelekea kushoto. Yeye hakugeuka. Aliinyanyua kete kutoka 10, akaivusha ubao mzima mpaka ukingo wa kushoto, akaendelea kuhesabu kutoka pale kwenda kulia. Kaka yake alicheka mpaka akalala mkekani. Mimi nilikuwa nataka kucheka pia, ila nikakumbuka kwamba mwezi ule ule alikuwa anajifunza kuandika kwenye daftari, na kwenye daftari mstari ukiisha unaanza upya kushoto. Mtoto alikuwa anafuata alichofundishwa. Ubao ndio ulioandikwa vingine.

Ilikuwa masika, hapa Tanga, umeme umekatika tangu asubuhi. Ubao wenyewe ni ule wa kununua sokoni, ludo upande mmoja, nyoka na ngazi upande wa pili. Binti alikuwa na miaka 5, kaka yake 9, na kitinda mimba mwaka mmoja na miezi kadhaa, ule umri wa kutia kila kitu mdomoni.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na wakati ule nilikuwa na miaka 11 kazini. Chuoni saikolojia ya elimu niliifaulu kwa kukariri. Hatua nne za Piaget, za kukua kwa akili ya mtoto, nilizijua kama kondakta anavyovijua vituo vya daladala: kuzaliwa mpaka 2, 2 mpaka 7, 7 mpaka 11, 11 na kuendelea, shusha. Vygotsky, mwanasaikolojia mwenzake, nilimsoma usiku wa kuamkia mtihani. Baada ya hapo kilichobaki kichwani ni kwamba wote wawili walizaliwa mwaka 1896, mmoja Uswisi, mwenzake kwenye dola ya Urusi.

Lakini ile "moja" iliyoguswa kwenye 7 ilinikosesha usingizi. Mwaka uliotangulia nilikuwa na mwanafunzi, mtoto mtulivu, ukimpa 5 kujumlisha 3 anakuletea 7. Ukimpa 6 kujumlisha 2, anakuletea 7 tena. Nilimchora mikasi ya wino mwekundu muhula mzima na kumwandikia "ongeza bidii". Usiku ule, taa ya chemli pembeni, nikakaa na vidole vyangu: tano, sita, saba. Vidole vitatu. Mtoto alikuwa anaanza kuhesabu pale aliposimama, kosa lile lile la binti yangu, na bidii yoyote niliyomtaka aongeze isingemsaidia. Kwake tano ilikuwa jina la mahali, naye alikuwa anahesabu mahali. Hakuwa anahesabu hatua. Laiti ningemkalisha mara moja tu mbele ya nyoka na ngazi, ningeliona kosa lake kwa macho, kwa sababu kwenye ubao kidole kinatembea hadharani. Daftari linakuonyesha jibu tu.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba kuna watu walifanya kazi ya miaka juu ya jambo hili hili. Geetha Ramani na Robert Siegler, huko Marekani, mwaka 2008 waliwachukua watoto wa chekechea wa familia za kipato kidogo, wakawachezesha ubao wa namba 1 mpaka 10 zilizopangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Vipindi vinne vifupi, ndani ya wiki mbili. Wenzao walicheza ubao kama ule ule ila wenye rangi, bila namba. Wale wa namba wakawa wazuri zaidi kutambua namba, kujua ipi kubwa, na kuonyesha namba inakaa wapi kwenye mstari mtupu, na wiki tisa baadaye bado walikuwa nayo. Wale wa rangi, hakuna. Mwaka uliofuata wakalinganisha ubao ulionyooka na ubao wa duara. Ulionyooka ukashinda.

Kilichonigusa kuliko yote ni sharti dogo la mchezo wao. Mtoto aliyeko kwenye 5 akipata 2 haruhusiwi kusema "moja, mbili". Lazima aseme "sita, saba". Yaani anataja jina la mahali anapokanyaga, na pale anaposimama hapahesabiwi. Sharti hilo peke yake lingemwokoa yule mwanafunzi wangu.

Basi nikaamua kujaribu shuleni. Darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya 90, vibao vya kununua visingewezekana, nikachukua chaki nikachora verandani, kwenye sakafu ya saruji. Jaribio la kwanza niliharibu kwa kupenda urembo: nilichora konokono, 1 nje na 10 katikati, mzuri kweli, walimu wenzangu wakausifu. Watoto wakauzunguka wakicheka, na ukiwauliza 8 iko karibu na 10 au karibu na 1 wanakutazama tu. Kwenye konokono 8 inaweza ikawa ubavuni mwa 2. Nikafuta, nikachora reli iliyonyooka, kutoka mlango wa darasa mpaka nguzo ya tatu.

Dadu nayo ilinitia matatani. Mzazi mmoja alikuja, kwa adabu zote, baada ya salamu ndefu akaniambia, "Mwalimu, nasikia wanangu wanacheza dadu huku." Kwa watu wengi wa pwani dadu ni kamari, na kwa wengine ni suala la dini kabisa. Sikubishana naye. Tukahamia kizibo cha soda: ukirusha kikalala chali, unakwenda hatua 1, kikilala kifudifudi, hatua 2. Na kumbe kwa watoto wadogo ni bora hivyo, maana wale wa Marekani nao walitumia mshale wa kuzungusha wenye 1 na 2 tu. Sikupima kitu kama mtafiti, sina takwimu za kumwonyesha mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba mikasi ya wino mwekundu ya aina ile ilipungua kwenye madaftari yangu, na wanaoanza kuhesabu pale waliposimama siku hizi wananikera kidogo tu, kwa sababu najua pa kuwapeleka.

Turudi mkekani, kwenye vizibo.

Kijana wangu alikuwa na mkoba wa vizibo vya drafti. Siku moja nikaona nimfanyie binti yule mtihani maarufu wa Piaget, ambao chuoni nilikuwa nimeuchora tu kwenye karatasi. Nikapanga safu mbili za vizibo sita sita, zinaelekeana. "Ziko sawa?" Sawa. Nikaitanua safu moja ikawa ndefu. "Na sasa?" Akasema hii ndefu ina vingi. Nikafurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kitabu kinasema kweli! Mtoto wa hatua ile anatazama jambo moja, urefu, na kusahau kwamba hakuna kilichoongezwa.

Nikarudisha safu zikawa sawa ili nimwite baba yao aone. Kabla hajafika, kitinda mimba akatambaa, akapitisha mkono kwenye safu moja, vizibo vikatawanyika. Kimoja kikaelekea mdomoni, tukakiokoa. Nikamwuliza binti, bila kufikiri, "Haya, viko sawa bado?" Akanitazama kama mjinga. "Si viko sawa, mama. Yeye amevivuruga tu."

Nilibaki mdomo wazi. Mtoto yule yule, dakika tatu baadaye.

Ilinichukua muda kujua kwamba tukio lile lina historia. Miaka ya 1970 huko Scotland, James McGarrigle na Margaret Donaldson walirudia mtihani wa Piaget kwa kutumia mwanasesere dubu mtundu anayekuja "kuharibu" safu. Watoto wengi zaidi walijibu sawa. Maelezo yao yalinipa aibu ya kitaaluma: mtu mzima akipanga, akauliza, akapanga upya kwa makusudi mbele yako, akauliza tena swali lile lile, mtoto mwenye adabu anaona anatakiwa atoe jibu jingine. Fikiria watoto wetu, waliofundishwa kwamba mwalimu akirudia swali ujue umekosea! Mara ngapi darasani nimerudia swali kwa mtoto aliyejibu sahihi, ili tu wenzake wasikie, naye akabadilisha jibu? Nilikuwa namwona hana msimamo.

Tangu hapo ile miaka ya vituo vya daladala naiheshimu, ila siitegemei kwa macho yaliyofumbwa. Piaget aliona mengi kwa sababu alikuwa mtu wa kuketi chini na watoto. Kwa kitabu chake cha mwaka 1932 alicheza gololi na watoto wa Geneva na Neuchâtel, akijifanya amesahau sheria ili wamfundishe. Hilo la kujifanya hujui nililiiba. Nilimwuliza binti yangu sheria za ludo zimetoka wapi.

"Dukani."

"Nani aliziweka?"

"Mwenye duka."

"Na sisi tukitaka kutoka bila kupata sita, tunaruhusiwa?"

"Haiwezekani. Itakuwa sio ludo."

Watoto wa Piaget walimjibu kwamba sheria zimetoka kwa baba zao, wengine kwa Mungu. Wangu akamtaja muuza duka, sawa tu. Sheria ni kitu kilichokuja na bidhaa. Na kichekesho ni kwamba mtoto huyu aliyeitakasa sheria ndiye aliyekuwa anaivunja kila zamu ya tatu, anarusha dadu mara mbili, anarudisha kete yangu nyuma, na haoni kama kuna mgongano wowote. Zamani ningemwambia anaiba. Piaget alikwisha kuliona hilo pia: mdogo anaitukuza sheria na haifuati, mkubwa anajua sheria ni makubaliano na ndiye anayeifuata.

Mkubwa, yaani yule wa miaka 9, nilimthibitisha siku binamu zake walipokuja kutoka Dar es Salaam na sheria yao ya sita tatu: ukipata sita mara tatu mfululizo zinaungua, unapoteza zamu. Kwetu haikuwepo. Ugomvi ulikuwa wa kiwango cha bunge. Nusu saa nzima, dadu haijarushwa. Mwisho wakakubaliana kwamba mchezo wa kwanza utachezwa kwa sheria ya Tanga na wa pili kwa sheria ya Dar, kisha aliyeshindwa atachagua ya tatu. Hakuna mtu mzima aliyewaelekeza. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, nasikiliza, nikaona uraia ule siwezi kuufundisha hata kwa muhula mzima wa somo.

Sasa nije kwa baba mkwe, mzee wa Pangani, ambaye ndiye hasa aliyenielewesha Vygotsky bila kumjua.

Yeye ludo hailipi heshima yoyote. "Dadu ni bahati," anasema, "bao ni akili." Barazani kwake kuna bao la mti wa mbambakofi, mashimo 32, kete 64 za komwe zilizong'aa kwa mikono ya watu. Likizo ile ya Juni kijana wangu alikwenda kukaa naye mwezi mzima. Mzee alimwanzisha na bao la kujifunza: kila shimo kete mbili, hakuna kunamua, yaani kuingiza kete za akiba moja moja, hakuna nyumba, lile shimo maalumu la kulindwa, mnaingia moja kwa moja. Bao lenyewe kamili, lenye kete 22 za akiba mkononi na nyumba ya kulinda, litasubiri.

Nilikaa siku nne nao kabla ya kurudi Tanga, na nikawatazama. Kijana alianza kama wanavyoanza wote, anachota shimo lenye kete nyingi kwa sababu ni nyingi. Anaziangusha moja moja kwa haraka, kama anayelisha kuku, na ya mwisho ikiangukia shimo tupu anashangaa. Mzee hakumwambia "cheza hapa". Hakumweleza mkakati wowote. Alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza kila kijana alipopeleka mkono: "Italala au itaendelea?" Ya mwisho ikiangukia patupu, imelala, zamu imekwisha. Ikiangukia penye kitu, unaendelea, au unakula. Na kabla kijana hajajibu, hakuruhusiwa kugusa. "Macho yatangulie, mkono ufuate."

Mwanzoni kijana alijibu kwa kubahatisha. Kisha akaanza kuhesabu kwa kidole hewani, juu ya mashimo, bila kugusa. Mzee akamwachia kidole. Siku ya tatu akajibu sahihi shimo la kwanza, akakosea pale linapoendelea duru ya pili. Mzee akamwambia, "Ya kwanza umeiona. Ya pili nitakutazamia mimi." Wakagawana mchezo hivyo, mjukuu anaona duru moja, babu anaona ya pili kwa niaba yake.

Vygotsky aliita nafasi hiyo kwa jina refu ambalo kwenye notisi zetu lilitafsiriwa kila mtu kivyake. Maana yake ni ile tofauti kati ya anachokiweza mtoto akiwa peke yake na anachokiweza akiwa na mtu ubavuni. (Lile neno la kiunzi, kama cha mafundi ujenzi, ambalo wanachuo wengi wanamtwika yeye, si lake. Lilikuja mwaka 1976 kwa Wood, Bruner na Ross, Vygotsky akiwa kaburini tangu 1934.) Lile jina refu nilikuwa nimeliandika kwenye mtihani nikapata alama zote, na sikuwahi kuliona mpaka nilipomwona mzee yule anachagua duru ipi aachie na ipi aibebe.

Lakini kilichonimaliza kilitokea Julai, nilipokwenda kumchukua kijana. Walikuwa barazani, mzee anacheza na rika lake, kijana ameketi pembeni na bao dogo la kuchimba mchangani, anacheza mwenyewe pande zote mbili. Midomo inacheza. Nikasogea polepole nisikie anachosema.

"Italala... hapana. Itaendelea. Italala?"

Swali la babu yake lilikuwa limehamia kinywani mwake. Piaget, mwaka 1923, aliandika juu ya watoto wanaojisemea wenyewe, na akaona ni maneno ya mtoto ambaye bado hajajifunza kumzingatia msikilizaji, yatakayopotea akikua. Vygotsky akapinga. Hayapotei, alisema, yanaingia ndani: neno linaanza kati ya watu wawili, mtoto analichukua akajisemea kwa sauti, halafu kwa mnong'ono, halafu kimya, na kimya hicho ndicho tunachokiita kufikiri. Nikiwa nimesimama pale na mkoba wangu mkononi, nilimpa Vygotsky ushindi. Mwaka mmoja baadaye midomo ya kijana haikucheza tena. Ila ukimtazama macho unaona yanazunguka mashimo, na unajua swali bado limo.

Tangu nianze kusimulia haya, wazazi wananiuliza ninunue mchezo gani ili mtoto awe na akili. Mimi si mtu wa kuwauzia tumaini. Bao linakufanya mzuri wa bao. Nyoka na ngazi, ukicheza kwa kutaja namba, inakusaidia namba. Zaidi ya hapo natahadhari. Mtafiti mmoja wa Uswisi, Jean Retschitzki, alikwenda Côte d'Ivoire kuchunguza watoto wa Kibaoule wanavyocheza awele, ndugu wa bao letu mwenye safu mbili, na akakuta mbinu na fikra nzito kwa vijana wadogo. Ninachokipenda kwenye kazi ile ni kwamba alikwenda kuitafuta akili pale watoto wanapoitumia. Mtoto anayeona duru mbili mbele barazani anaweza kabisa kuwa wa 70 darasani kwangu, na nimewahi kuwa naye. Hapo nilipaswa kulitilia shaka swali langu la mtihani kwanza, kabla ya kichwa chake.

Binti sasa ana miaka 8. Idi iliyopita tulikuwa Pangani, na zamu yake ya kufunzwa bao ilikuwa imefika. Mzee akapanga kete mbili mbili. Binti akamtazama akipanga, kisha akauliza lile swali ambalo mimi nilimwuliza miaka mitatu nyuma.

"Babu, nani aliweka sheria za bao?"

"Sisi tuliwakuta wazee wetu wakicheza."

"Na wao?"

"Nao waliwakuta wazee wao."

Akanyamaza kidogo. "Basi tukikubaliana mimi na wewe, tunaweza kuweka tatu tatu?"

Mzee aliacha kupanga. Rafiki yake wa barazani akacheka, akasema bi mkubwa huyu anataka kutuvunjia bao. Mzee hakucheka. Alitazama mashimo, midomo yake ikacheza kidogo.

"Tatu mara mashimo thelathini na mbili," akasema. "Kete hazitoshi."

"Zimepungua ngapi?"

"Wewe niambie."

Alihesabu kwa muda, macho yakizunguka ubao, mkono haugusi kitu. Halafu akavaa ndala, akamwita mdogo wake, wakashuka ufukweni kutafuta komwe 32.